Tawi la Bi Mwanamize

Wete, Jumatatu, 22 Septemba 1958
Halua yangu haina mnunuzi. Hata nzi wananipita! Leo kaja Mjomba Kificho, mwenye sufuria la shaba ninalopikia. Nisipopata wateja kufikia Maulidi, sufuria linarudi kwake, na mimi naenda kumchumia karafuu. Mimi, juu ya mkarafuu! Kitanda kirefu tu kinanitia kizunguzungu.

Lakini nimepata akili! Halua ya Bi Mwanamize wa Chake Chake inagombaniwa. Vikapu vyake hufungwa uzi mwekundu. Uzi mwekundu hata mimi ninao! Mke wangu Mwanapili kasema huko ni kumwibia mtu jina lake. Nimemjibu jina halipungui likitumiwa.

Jumanne, 23 Septemba
Ubao umesimama: HALUA YA BI MWANAMIZE, TAWI LA WETE. Wallahi, watu wamejaa! Mmoja kalalamika kuwa Bi Mwanamize siku hizi anaunguza. Nimemwambia bibi wa watu amezeeka, tumvumilie.

Jumatano, 24 Septemba
Habari zimefika Chake! Nikajua nimekwisha. Kumbe Bi Mwanamize hakukasirika. Kamtuma Shehe Msellem, imamu wetu, aniletee salamu. Kafurahi kusikia ana tawi. Yeye ana nadhiri: kila Maulidi huuletea msikiti wa Wete masinia ya halua, bure. Mwaka huu tawi litatoa.

Na kila mwaka mimi ndiye wa kwanza kwenye sinia! Sikuwahi kuuliza imetoka wapi. Shehe kaniuliza mbele ya wateja kama mimi ndiye tawi lenyewe. Ningesema nini? Nikasema ndiye.

Ijumaa, 26 Septemba
Sukari imekwisha. Samli imekwisha. Mabega siyasikii. Jana usiku watu wakala masinia yote, wakainua mikono, wakamwombea dua ndefu Bi Mwanamize! Alikuwepo mwenyewe, upande wa wanawake. Kaonja kidogo, akamwambia Mwanapili kuwa kuanzia leo yeye hana tawi. Asubuhi Mjomba Kificho kachukua sufuria lake. Jumatatu naanza karafuu. Nimelia, sifichi.

Jumamosi, 27 Septemba
Siendi! Bajia! Bajia zinataka karai tu, na karai tunalo. Nani asiyezijua bajia za Shardaben wa Chake? Naye ni Mhindu, Maulidi hayamhusu, nadhiri hana! Jirani yangu Ramji kaanza kunieleza kuwa Diwali, sikukuu yao, ikifika, watu, kila mmoja na sahani yake tupu, hujaa mlangoni kwa Shardaben hadi barabarani. Hadi barabarani! Sikumngoja amalize. Nimekimbilia rangi, ubao nimeshaugeuza.