Mpira wa Petroli wa Gari la Mwalimu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamshwa na harufu ya petroli. Nilidhani naota. Nimetoka nje na gauni la kulalia, na kweli: chini ya gari kuna kidimbwi kinachong'aa rangi zote, kama satini. Kizuri sana. Kibaya pia.

Nimemwita fundi magari, yule tunayemwita Fundi Kesho kwa sababu ya ahadi zake. Ajabu, amekuja leo leo! Kafungua boneti, kachungulia, kanusa, karudi nyuma hatua tatu. Amesema ule mpira unaopeleka petroli kwenye injini umepasuka. Kwamba petroli humo hupita kwa presha kubwa. Kwamba gari lisiwashwe, moto usisogezwe, na mtu asiguse kitu mpaka arudi na mpira mpya. Nikauliza atarudi lini. Kesho, akasema.

Basi, tumekwisha.

Mume wangu alikuwa barazani kwenye kiti chake, anasikiliza. Miaka thelathini amefundisha watu kuendesha gari; mtaa mzima unamwita Mwalimu. Miezi minane iliyopita kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia, nusu ya mguu, na maneno yote isipokuwa matatu: ndiyo, hapana, chai. Nikamweleza habari za mpira. Akasema chai.

Alasiri kaja wifi. Dada yake Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu, bado anatembea kama mtu aliyesikia kengele. Amesema gari liuzwe. Nani wa kuliendesha? (Mimi! Leseni ninayo! Mtihani nilifeli mara nne tu.) Ameshapata mnunuzi, anakuja Jumamosi. Na Alhamisi atatupeleka yeye hospitali, kwenye mazoezi ya Mwalimu, kwa gari lake.

Mwalimu akalitazama gari. Hakusema hapana. Hilo ndilo lililoniuma. Neno analo, na hakulitumia.

Mpango: nitabadilisha mpira mwenyewe, kimya kimya, kabla ya Jumamosi. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona magauni ya harusi yenye mikunjo mpaka macho yakaniuma. Mpira mmoja ndio unishinde?

Jumanne, 5 Agosti

Fundi Kesho hakuja. Nimempigia. Kasema kesho.

Nimemuaga Mwalimu kwamba naenda kununua zipu. Nikaenda duka la vipuri. Wanaume watupu kwenye foleni, wote wameshika vyuma vyenye mafuta. Mimi na pochi yangu. Muuza vipuri akauliza nataka mpira wa presha au wa kawaida. Nikamjibu kwamba presha tunayo ya kutosha nyumbani, anipe wa kawaida. Foleni nzima ikacheka. Nikajiona mjanja.

Mpira wenyewe mzuri, laini, mweusi, unakunjika vizuri. Nimeuficha kwenye kapu la vitambaa, chini ya gauni la bibi harusi. Saa tisa bibi harusi akaja kujipima. Akanusa bega. Akasema gauni lina harufu ya tairi. Nikamwambia hariri halisi ndivyo inavyonuka.

Ameamini! Siku ya heri.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike polepole.

Asubuhi nilimwambia Mwalimu nakwenda kufagia uani. Nikavaa koti la mvua, glavu za kuoshea vyombo na miwani yangu ya kushonea. Nikafungua boneti. Mpira nikauona, na kibano chake. Nikatia spana, nikazungusha. Kibano kikalegea. Nikavuta.

Sikujua! Gari limelala siku mbili, nikadhani na petroli imelala. Kumbe presha ilikuwa imebaki mle ndani inanisubiri. Petroli ilinirukia fyaa! Kifua, shingo, kidevu. Bila ile miwani leo ningekuwa naandika kwa kupapasa.

Nikapiga ukelele, nikageuka kukimbilia ndani nikajifute.

Na kule barazani, hatua kumi hivi, juu ya kigae, nilikuwa nimeacha pasi ya mkaa ikipata moto kwa ajili ya gauni la bibi harusi. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Miguu ilikuwa inanipeleka palepale.

"PASI!"

Sauti ya kiume. Nene. Sikuitambua.

"Simama! Simama hapo!"

Nikasimama. Mikono nimeitanua kama nguo kwenye kamba. Nikamwona mume wangu anainuka kwenye kiti. Peke yake. Mtu ambaye hospitali wanambembeleza kwa nusu saa ainue goti! Akaegemea ukuta kwa bega, akaburuta mguu, akachukua chupa ya chai kwa mkono wa kushoto, akang'oa kizibo kwa meno, na kumimina chai yote ndani ya pasi. Moshi. Mvuke. Harufu ya tangawizi na majivu. Akabaki anaitikisa mpaka tone la mwisho.

Halafu akanielekezea kidole upande wa bomba la nje. Akasema oga.

Nimeoga mara tatu. Nguo nimezianika mbali, kwenye upepo. Tumekaa barazani mchana kutwa. Nilishika mkono wake ule usiohisi, kisha nikahamia upande wa pili nikashika unaohisi.

Maneno manne mapya kwa siku moja. Nimeyahesabu.

Alhamisi, 7 Agosti

Hospitali na wifi. Nimejipulizia manukato nusu chupa. Bado wifi akasema gari lake lina harufu ya petroli. Nikasema ni manukato mapya, yanavuma sana siku hizi. Mwalimu akakohoa. Nikamtazama. Hakuwa anakohoa. Alikuwa anacheka!

Lakini kuna jambo. Wifi amemweka siti ya nyuma, kwa usalama wake, na mkanda akamfunga yeye mwenyewe, kama mtoto. Mtu aliyekaa siti ya mbele miaka thelathini, mguu tayari juu ya breki yake ya ziada! Alikuwa anatazama visogo vyetu. Kwenye kila kona niligeuka nikaona mguu wake mzima ukikanyaga zulia.

Wifi naye aliona. Aliendesha taratibu zaidi.

Tuliporudi, Mwalimu akaenda na fimbo yake moja kwa moja kwenye kapu la vitambaa. Akainua gauni. Akatoa mpira. Kumbe alijua tangu Jumanne! Zipu gani hiyo, alikuwa anajiuliza bila shaka, isiyoshonwa popote. Akaubinya kwa vidole viwili, ukabonyea kama mkate. Akatikisa kichwa.

"Huu... utapasuka."

Nikaanza kujitetea. Akanyoosha mkono wa kushoto. Alikuwa anataka chaki yangu ya kukatia. Nikamtandazia karatasi ya khaki ninayochorea mitindo ya nguo. Akaandika. Herufi zilipinda kama zimeandikwa kwenye gari linalokwenda, na alichukua karibu saa nzima. Mpira wa presha. Vibano vipya. Fyuzi ya pampu nje. Betri. Tambara. Kizima moto. Chini kabisa, kubwa kuliko vyote: PASI HAPANA.

Nimeikunja karatasi nikaiweka chini ya mto. Sijapata barua kutoka kwake tangu tulipokuwa wachumba.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimerudi dukani na kipande cha mpira wa zamani, kama alivyoagiza. Muuza vipuri akasoma maandishi yaliyochapwa ubavuni, akaniletea wa namna hiyohiyo, mnene, mgumu, na vibano vyake visivyo na meno makali. Nikapima kwa futi yangu mwenyewe kabla hajakata. Foleni haikucheka. Mmoja akauliza kwa adabu futi kama ile inapatikana wapi.

Saa tatu tukaanza. Gari nje, mahali pa wazi, injini baridi. Pasi sikuitia mkaa. Jirani wa duka la dawa alituazima kizima moto, baada ya kunibana mpaka nikamsimulia ya petroli na pasi. Mwalimu alikaa upande unakotoka upepo, kizima moto kimelala mapajani mwake kama mjukuu. Mimi na miwani, safari hii ile ya kufunika jicho lote.

Akasema fyuzi. Nikasema presha si ilishaniishia kifuani? Akasema fyuzi. Nikatoa fyuzi ya pampu, ili pampu isije ikasukuma kitu. Akasema betri. Nikafungua waya wa hasi nikauweka kando. Debe chini. Tambara juu ya kiungo, nikalegeza kibano kidogo kidogo huku tambara likinywa. Yakatoka matone machache tu, kwa heshima.

Mpira mpya nilikata ncha kwa kisu kikali, mkato mnyoofu bila nyuzi. Hapo sikuhitaji kufundishwa. Nikausukuma mpaka ukapita kile kivimbe cha bomba, nikavisha kibano nyuma yake. Nikaze kiasi gani? Mwalimu akafikiri. Nikaona anatafuta neno huko ndani, anafungua droo moja baada ya nyingine.

"Kama... kiuno cha sketi."

Nikaelewa papo hapo! Ishike, isikate. Akasema vuta. Nikavuta. Akasema tena.

Tukafuta kila tone, tukangoja hewa ikauke. Nikarudisha fyuzi, nikarudisha betri. Akanionya nisiwashe, nizungushe ufunguo nusu tu ili pampu ijaze. Nikazungusha, nikaenda kutazama. Mimi niliona pamekauka. Yeye, kutoka kwenye kiti, akasema tone. Nikainama: tone moja, dogo kama shanga. Aibu! Fyuzi nje, betri nje, tambara, upya kabisa. Mpira ulikuwa haujaingia mpaka mwisho. Mara ya pili, nusu ya ufunguo, mara tatu. Pakavu. Nikapitisha karatasi chini yake. Kavu.

Nikawasha.

Likaguruma, likatulia, likaanza kuimba wimbo wake wa siku zote. Mwalimu akafumba macho. Nilidhani amechoka. Akasema, kwa vipande, kila kimoja peke yake:

"Usiachie... klachi... ghafla."

Ndilo neno la kwanza alilowahi kuniambia maishani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimekuja kujifunza gari, nikagonga geti la chuo chake. Nimelia juu ya usukani mpaka nikabonyeza honi kwa paji la uso.

Jumamosi, 9 Agosti

Wifi kaja na mnunuzi saa nne kamili. Mpango wangu wa kumkimbiza mnunuzi ulikuwa tayari: nilikusudia kumwambia gari lina mapepo. Haukuhitajika. Mwalimu alikuwa ameshaingia garini, siti ya mbele, upande wa abiria, mkanda amejifunga mwenyewe kwa mkono mmoja. Wifi akamsihi ashuke. Akatikisa kichwa. Wifi akamweleza faida zote, kwa utaratibu, kama gwaride la asubuhi.

"Haliuzwi, dada."

Wifi akashika mlango wa gari. Hakuwa amesikia neno dada tangu mwaka jana. Mnunuzi akakosa pa kutazama. Akatazama paa la nyumba, kisha akaaga.

Halafu wifi akanigeukia, nikajiandaa. Akasema bibi harusi ni jirani yake na amemsimulia habari za harufu ya tairi. Ya petroli na pasi ameipata kwa mwenye duka la dawa. Akasema hajalala tangu jana. Akasema kaka anaye mmoja na wifi anaye mmoja, na hataki kuniambia yupi angeanza kumlilia. Tukakumbatiana vibaya, kwa viwiko, kama watu wasio na mazoezi. Nikamwapia mbele ya Mwalimu: sitafanya tena jambo kwa siri. Kamwe.

Na nani akaingia getini? Fundi Kesho! Na mpira mkononi! Nikamwambia akague wa kwetu badala yake. Akatazama kwa tochi, akavuta, akanusa, akawasha injini, akatazama tena. Akauliza nani kafunga. Nikasema mimi na mwalimu wangu. Akasema hana cha kuongeza.

Tukazunguka mtaa. Mimi usukanini, Mwalimu kushoto kwangu, wifi siti ya nyuma. Mwalimu alisema kioo, gia, polepole, mama huyo anavuka. Wifi nilimwona kwenye kioo anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumba imetulia. Kimya mno.

Tangu asubuhi Mwalimu amesema ndiyo mara mbili, hapana mara moja, na chai. Nimemwuliza habari za mpira. Ndiyo. Nimemwuliza kama gari liko salama. Ndiyo. Nikabaki namtazama. Gari likiugua anaongea. Gari likipona ananyamaza.

Nimefikiri kwa makini. Petroli siigusi tena, mimi si mjinga. Lakini honi si petroli.

Alipolala baada ya chakula cha mchana, nikatoka nikinyata. Nikatafuta fyuzi ya honi, nikaichomoa, nikaitia mfuko wa aproni. Alipoamka nikamwambia kwa huzuni kubwa kwamba honi imekufa. Ghafla tu. Gari zima linaendelea vizuri ila honi.

Akanitazama. Akalitazama gari. Akautazama mfuko wa aproni yangu kwa muda mrefu kidogo. Ule upande wa mdomo unaohisi ukapanda juu.

"Lete... kiti," akasema. "Karibu na gari. Tuanze... mwanzo. Waya... ni... safari ndefu."

Maneno kumi na moja, na jua bado liko juu!

Nina hakika hajashuku chochote. Kesho nitalegeza taa ya nyuma.