Mvuke wa Iliki Ukweni

Jamani, leo nimepatikana. Nimekaa stendi ya Mbale, shati limelowa, na jua lenyewe limekataa kutoka.

Huu ni mwezi wa nne mke wangu Nambozo yuko kwa mama yake, huko Nkoma, hapa Mbale. Aliondoka Jinja akasema, "Ukiacha sigara, njoo unichukue." Nikaacha. (Nikanunua ya umeme. Hiyo si sigara, ni mvuke. Msinitazame hivyo.)

Shida ikawa ladha. Chupa ya juisi yake, ile inayogeuka mvuke, imeandikwa vanila, ukivuta unapata dawa ya kikohozi. Nikamrudia muuzaji pale Nalufenya, mtaani kwetu Jinja.

"Juisi inataka kupumua, bwana," akaniambia. "Fungua kifuniko, weka kabatini wiki moja. Na usitie kitu ya jikoni!"

Wiki ikapita. Nikapata dawa ya kikohozi iliyopumzika.

Sasa mimi nilikuwa na kiu moja tu: chai ya Nambozo, ile ya iliki. Tangu aende, nyumba haina harufu. Usiku nalala upande wangu wa kitanda, wake siugusi. Basi jana nikachemsha iliki, nikatia matone matatu kwenye juisi. (Ndiyo, nilikatazwa.) Nikavuta. Kifaa kilitoa sauti ya mafuta yanayokaanga, koo likawaka, lakini iliki ilikuwepo! Nilikaribia kulia. Nikasema kesho namfuata mke wangu.

Leo saa nne nikafika Nkoma. Kwetu Busoga na kwao Bugisu, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, sembuse kugusana. Yeye akakaa sebuleni na Nambozo, mimi nikawekewa kigoda kwenye korido, pazia katikati.

"Mukwe, sigara uliacha?"

"Niliacha, maama. Hata harufu yake nimesahau."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, maama."

Nikasikia Nambozo akimmiminia mama yake chai. Harufu ikanifikia. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Nikavuta kidogo tu, nitulize moyo. (Kidogo!) Kifaa kikalia chrrrr! Koo likashika moto, nikakohoa, na wingu zima likapita chini ya pazia hadi sebuleni.

"Moto! Nambozo, nyumba inaungua!"

Kabla sijajibu, mama mkwe akanimwagia beseni la maji ya kuoshea vyombo, pazia na vyote. Nikaruka sioni kitu, pazia limenifunika kichwa, nikakimbilia mlango. Nikamkumbatia mtu. Mnene, amejifunga kitenge. Kuvua pazia: mama mkwe! Na kifaa kimeanguka miguuni pake, bado kinafuka.

"Maayi wee! Mukwe amenishika!" Akajifunika uso, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma akiita majirani.

Nambozo akaokota kifaa, akakinusa.

"Umeweka nini humu?"

"Iliki. Nilitaka ifanane na chai yako."

Akanitazama, pazia shingoni, povu la sabuni sikioni. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Miezi minne nimekitamani kicheko hicho, nusura nimwombe mama mkwe arudi nimkumbatie tena. Kisha akafuta machozi.

"Nenda Jinja," akasema. "Urudi na mbuzi wa kumwondolea maama aibu. Na hiki nakitupa chooni."

Nawaomba ninyi msinicheke. Aliyecheka mmoja ananitosha.