Beseni la Muungano

Jumatatu, 20 Aprili 2026

Aneth kaleta karatasi ya Historia. Kumi na tisa. Kati ya mia! Mwanangu wa pekee, darasa la nne, kumi na tisa. Sielewi kabisa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha.

Mama yake, Melania, hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Kasema kuna jaribio jingine Ijumaa. Akifeli tena, anahamia Ushirombo kwa mama yake mkubwa Serafina, mwanamke ambaye hata kuku wake wanalala kwa ratiba. Nikasema sawa. Nikaenda nyuma ya choo, macho yakaniwasha. Moshi tu. Nyumba hii bila Aneth itakuwa nyumba gani? Nani atanicheka?

Jirani Charles, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, kachungulia juu ya uzio kunijulisha kwamba binti yake Ritha kapata tisini na nne. Nani kamuuliza?

Nimeamua. Kuanzia kesho hakuna kukariri. Historia kwa vitendo!

Jumanne, 21 Aprili

Leo Uhuru. Nimetundika kanga ya Melania kwenye mti wa antena iwe bendera ya mkoloni. Aneth kakataa kuwa gavana. Basi nikawa gavana mimi, soksi nyeupe hadi magotini. Tukashusha kanga, tukapandisha bendera yetu, tukaimba. Safi!

Halafu mtoto akauliza. Uhuru tarehe tisa Desemba 1961, Jamhuri tarehe tisa Desemba 1962. Sasa ule mwaka wa katikati tulikuwa nani? Nikamwambia akanywe maji. Nikafungua kitabu haraka. Kuna Malkia wa Uingereza humo katikati. Nimesoma mara tatu, bado sijui alikuwa anangoja nini. Aneth karudi, kishakunywa vikombe viwili. Nikamtuma akanywe cha tatu.

Kanga imechanika kidogo. Nimeikunja vizuri, nimeirudisha chini kabisa sandukuni.

Jumatano, 22 Aprili

Leo Muungano. Udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar kuchanganywa, kama ilivyofanyika. Tanganyika ninayo uani, nyekundu, tele. Zanzibar je? Nikakumbuka Charles ana lundo la marudio nyuma ya uzio, ule mchanga wa kijivu unaobaki mawe yakishasagwa na dhahabu kuoshwa. Nikachota ndoo moja. Mchanga tu, jamani!

Tukakaa mbele ya nyumba, mimi na Aneth na beseni. Udongo ukagoma kuchanganyika. Nikaongeza maji. Nikalizungusha beseni taratibu, taratibu. Ignas wa bodaboda akapunguza mwendo, akauliza nimepata wapi. Nikamjibu kwa fahari: huu wa Tanganyika, huu wa Zanzibar. Akatikisa kichwa kama mtu anayefichwa jambo. Akaondoka mbio.

Sijui ana haraka gani siku hizi.

Jumatano, hapana, Alhamisi, 23 Aprili

Mayu wee! Asubuhi nimefungua mlango, watu kama arobaini uani. Sururu, makoleo, viroba. Mmoja anapima kwa hatua kutoka choo changu. Mama Nyamizi kishaweka jiko la maandazi langoni. Ndipo nikaelewa: hapa Geita, mtu akichutama anazungusha udongo na maji kwenye beseni, maana yake ni moja tu: dhahabu.

Nikapaza sauti kwamba ile ilikuwa Historia. Mzee mmoja akauliza, kwa heshima, hiyo Historia iko mita ngapi kwenda chini. Charles naye akaingia, akaona ndoo yake, akaona mchanga wake. Nikasubiri matusi. Badala yake akaanza kuuchunguza udongo wangu. Hata yeye! Nimechanganyikiwa mpaka nikamwamkia shikamoo, na mimi nimemzidi umri. Akaitikia marahaba!

Aneth ndiye aliyetuokoa. Kapanda juu ya ndoo, kaeleza yote: tarehe ishirini na sita Aprili 1964, nchi mbili, udongo wa huku na wa kule, chombo kimoja. Hata ule mwaka wa Malkia kaueleza! Wachimbaji wakavua kofia. Mmoja akanyoosha mkono, akajibiwa vizuri. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, wamenyong'onyea.

Nikamuuliza nani kamfundisha. Kasema Ritha, kwenye pengo la uzio, kila akimaliza kipindi changu. Huyo Ritha kamsaidia kidogo, sikatai.

Ijumaa, 24 Aprili

Themanini na nane! Haendi mtu Ushirombo! Nimembeba Aneth mgongoni kuzunguka uzio mara tatu ili Charles aone. Miguu yake karibu iburuze chini, na alicheka njia nzima. Moshi tena machoni.

Melania kasema mtoto atabaki, ila kwa sharti: nisimfundishe tena. Jaribio la Jiografia ni wiki ijayo, na begi la safari la mtoto kaliacha chini ya kitanda. Nimeahidi.

Jumapili, 26 Aprili. Sikukuu ya Muungano

Melania kaenda kanisani. Kanga yake hakuipata, namshukuru Mungu. Nikatoka kumwaga lile beseni. Maji yamekauka. Nikainama. Kuna kitu kinang'aa.

Kimetoka kwenye udongo wa nani, wangu au wa Charles? Haijulikani. Umeshaungana. Lakini nimefikiri vizuri. Watu arobaini, na sururu zao, na mwenye karasha akiwemo, wote wakosee? Haiwezekani!

Nimeanza kuchimba pale yule bwana alipopima, karibu na choo. Aneth kashika kamba. Kauliza tunafanya nini, maana mama kakataza masomo.

Nimemwambia hili si somo. Ni Jiografia kwa vitendo.