Kurudi Bila Kwenda

Jumatatu, 6 Mei 1957. Garsen.

Mimi, Hiribae, ndiye mtu wa kwanza kati ya Bura na Ozi kupanda ndege. Niliandike hilo mapema, kabla mvua haijalowesha karatasi.

Si kweli. Sikupanda. Niligusa gurudumu, mwaka juzi, rubani akanifukuza kwa kofia. Lakini nilipomsimulia binti yangu Rosina kule Mombasa, gurudumu lilikua likawa kiti, na kiti kikapaa mpaka nikaiona Garsen chini kama ukoko ndani ya sufuria. Watu waliipenda hadithi hiyo. Hata mimi niliipenda.

Sasa imeniangukia. Rosina anaolewa Jumamosi hii. Mto Tana umefurika, barabara ya Malindi imekuwa ziwa, kivuko kimefungwa mnyororo. Nilikuwa nimejiandaa kusikitika nyumbani kwa heshima. Lakini rubani wa ndege ya Alhamisi aliniletea salamu za Rosina: Baba, wewe umezoea ndege, panda kama kawaida yako.

Kama kawaida yangu!

Zikafuata salamu za mke wangu Loise, aliyetangulia huko kabla ya mvua. Nisipofika, mkono wa bibi harusi utashikwa na mjomba wake. Yaani Jotham! Kaka yake Loise, shemeji yangu. Mwalimu wa kanisa mstaafu, mwenye viatu vya kamba, anayetamka "eropleni" kana kwamba ana moja zizini. Na tayari amekata tikiti.

Rosina nilimvusha mto mgongoni, mamba wakitazama. Jotham wakati huo alikuwa wapi? Alikuwa akisoma. Hatamshika mkono. Afadhali nife. Au niuze mbuzi.

Jumanne, 7 Mei.

Tikiti zinauzwa dukani kwa Mama Barwako, mjane wa Kisomali, kati ya sukari na mafuta ya taa. Bei zimebandikwa mlangoni. Shilingi zikiwa nyingi zinanichanganya, kwa hiyo nazigeuza mbuzi. Kwenda Mombasa: mbuzi watatu. Kwenda na kurudi: mbuzi watano. Mimi nina mbuzi wawili wa kuuza. Wa tatu yupo, lakini Loise amempa jina.

Nikakaa juu ya gunia la unga nikafikiri. Kwenda, watatu. Kwenda na kurudi, watano. Basi kurudi peke yake ni wawili! Hakuna aliyeliona hilo. Garsen nzima inakwenda kwa bei ghali, na kurudi kupo pale pale mlangoni, rahisi, hakuna anayekujali.

Nikamwambia Mama Barwako anipe kurudi. Akauliza kurudi wapi. Nikasema kurudi Mombasa. Akauliza nitarudije na sijaenda. Nikamkumbusha vile vita vya kwanza vya Wazungu: tulibebeshwa mizigo, mimi nikafika Mombasa kwa miguu. Kwenda nilikwisha kwenda. Kilichobaki ni kurudi. Akasema, "Lakini ulirudi, mzee! Si huyo hapo, umekalia unga wangu?" Nikamweleza kwamba kule kulikuwa kurudi nyumbani, huku ni kurudi Mombasa. Akasema kurudi ni kurudi. Nikasema basi, kama kurudi ni kurudi, niuzie.

Akashika kichwa. Wateja walikuwa wamejaa mpaka nje, wengine wanacheka, wengine wanataka sukari. Mwishowe akaandika tikiti ili nimwondokee dukani. Mbuzi wawili wamekwenda. Nimeshinda!

Jumatano, 8 Mei.

Sikushinda. Sijui nimefanya nini, ila kushinda siko.

Asubuhi nilipita kwa Jotham kumwonyesha tikiti, si kwa kujisifu. (Kwa kujisifu.) Akavaa miwani, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena, akaketi, akacheka mpaka kiti kikalia. Akasema, "Shemeji, eropleni hii inatoka Mombasa inakuja Garsen." Nikasema ndiyo, kurudi. Akasema ili niipande ni lazima niwe Mombasa. Nikasema nikiwa Mombasa nitakuwa nimeshafika, nipande tena ya nini? Akasema hicho ndicho anachokicheka.

Nimetembea na jambo hili kutwa kama mtu mwenye mchanga kiatuni. Nina tikiti ya kurudi mahali ambapo sijaondoka. Niko nyumbani, na nimelipia kuja nyumbani. Nikienda nitafika, lakini siwezi kwenda kwa sababu nimeshalipia kurudi. Hapo katikati kuna kitu kimepotea na nadhani ni mbuzi wangu.

Mama Barwako amekataa kuichukua tena tikiti. Anasema aliniuliza swali moja nikamjibu kwa vita vizima.

Bahati nzuri rafiki yangu Godana, Muorma mwenye ng'ombe wengi kuliko nyumba za Garsen, alikuwa dukani anapima ngozi. Akanicheka kwanza, kisha akanihurumia. Tangu barabara ifungwe yeye hupeleka ngozi zake kwa ndege hiyo hiyo. Ngozi haina tikiti. Inapimwa, inapakiwa, na anayelipa ni mpokeaji, huko huko Mombasa. Akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe Hiribae ngozi tupu, ndani iko nini?"

Tusi. Lakini ndani ya tusi kulikuwa na njia!

Nikamwomba Mama Barwako anipime. Akadhani ni mzaha, akanitundika kwa mshipi kwenye ndoano ya mizani ya ngozi, mbele ya watu. Nikazunguka taratibu kama mbuzi wa Krismasi. Mizani ikasema mimi ni ngozi mbichi tano na kipande. Mama Barwako akapiga hesabu, akaacha kucheka. Nauli yangu kwa ratili haifiki hata mbuzi mmoja na nusu. Na aliyetuma halipi! Isitoshe, kiti cha mwisho alikwisha kumwuzia Jotham. Akasema rubani akikubali, yeye hayumo. Akaandika karatasi ngumu, akanifunga mkononi kwa uzi wa kushonea magunia: MZIGO. KWA ROSINA. ALIPE MPOKEAJI.

Sili tena leo. Kila tonge lina nauli.

Alhamisi, 9 Mei. Mombasa!

Rubani alisoma karatasi, akanitazama, akauliza kwa Kiswahili chake kama mzigo huu unauma. Mama Barwako akasema hapana, unasema tu. Rubani akacheka, akaonyesha nyuma.

Jotham alikaa kitini amevaa koti langu juu ya koti lake. Nilimwomba anibebee ili nisipimwe nalo. Alikubali upesi. Kukubali upesi kwa Jotham kulitakiwa kunishtua, lakini nilikuwa na njaa. Mimi nilikaa kati ya mfuko wa barua, ngozi za Godana na tenga la bata kutoka Ozi. Garsen sikuiona kama ukoko. Niliona mkia wa bata. Hata hivyo hadithi yangu sasa ni ya kweli, ila imechelewa kidogo.

Kushuka, Jotham aliteremka ngazi kwa madaha. Mimi niliteremshwa. Wakanisukuma mpaka stoo, mimi na bata, kwenye kigari kimoja. Karani wa stoo akausoma mkono wangu akauliza mpokeaji yuko wapi. Nikasema yuko kwake, anajaribu gauni. Akasema mzigo hautoki mpaka mpokeaji aje, atie sahihi, alipe. Nikamwambia anipe kalamu nijipokee. Akasema mzigo haujipokei. Nikasema mimi ni mtu. Akasema kama mimi ni mtu basi nimesafiri bila tikiti, na polisi hawako mbali. Nikasema mimi ni mzigo.

Hapo Jotham akapita mlangoni. Nikaita, shemeji! Karani akamwuliza kama ananijua. Akasema leo ameona mizigo mingi. Akaenda zake. Na koti langu!

Ijumaa, 10 Mei. Stoo.

Bata wamechukuliwa asubuhi. Bata! Mpokeaji wao alikuja na baiskeli, akawasalimu mmoja mmoja. Ngozi za Godana nazo zimechukuliwa. Tumebaki mimi na chuma fulani cha pampu ambacho karani anasema kipo hapa tangu Krismasi. Tunatazamana.

Karani si mtu mbaya. Amenipa chai na mahamri. Lakini amesema kesho stoo inafungwa adhuhuri na haifunguliwi mpaka Jumatatu. Harusi ni kesho alasiri. Nikamwuliza, mzigo ukilia hutolewa? Akasema hakuna mahali pa kuandika hilo.

Sasa nauona mpango wa Jotham. Atawaambia sikupata kiti. Na kweli sikupata kiti! Mtu asiyesema uongo ni hatari sana.

Rosina alipokuwa mgongoni mwangu mtoni alinishika masikio, akaniendesha kama punda. Sikio la kulia, tunakwenda kulia. Sikio la kushoto, kushoto. Tulikuwa tunafika ng'ambo mbali na njia, nami sikumkataza hata siku moja. Kesho mkono ule utashikwa na Jotham, mwenye kiganja baridi kama kambare. Macho yananiwasha. Ni vumbi la ngozi.

Jumamosi, 11 Mei.

Karani alikuwa ameshika kufuli. Nikasikia mwanamke nje anauliza baba huwekwa upande gani.

Rosina! Gauni jeupe, shela imetupwa nyuma, viatu mkononi. Nyuma yake Jotham, jasho linamtoka, makoti mawili mwilini.

Ilikuwa hivi. Jotham aliwaambia sikupata kiti. Loise akalitazama lile koti. Akauliza, ikiwa mwenye koti hakupata kiti, koti limepataje? Jotham si mwongo, kwa hiyo hana mazoezi. Akasema yote.

Loise akaamuru nauli ya mzigo ailipe Jotham. Akalipa kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Karani akamwambia Rosina aandike mzigo umefika katika hali gani. Rosina akanizunguka, akaninusa, akaandika: umefika, unanuka bata, ni wangu. Karani akagonga muhuri. Nusura anigonge na mimi.

Nikamwuliza Rosina kama amekasirika. Akanishika sikio la kulia. Tukaenda kulia.

Kanisani nilimshika mkono mimi. Mimi! Karatasi ilikuwa bado imefungwa, uzi wa magunia haukatiki kwa meno. Mchungaji alipouliza ni nani anayemtoa binti huyu, nikauinua mkono juu kabisa, watu wa mbele wakasoma ALIPE MPOKEAJI, na bwana harusi akabadilika rangi. Wazee wa upande wake wakaanza kunong'onezana kwamba mahari si yalikwisha?

Jotham alishika ncha ya gauni isiburuzike.

Jumapili, 12 Mei.

Loise amesema mara moja hii nimefanya jambo la akili bila kukusudia. Tikiti ya kurudi ninayo! Nipumzike na maharusi, kisha Alhamisi ya tarehe 23 nikae kitini kama binadamu, nitazame chini, nifike nyumbani, nikome. Nikamwambia nimekoma.

Tabu ni moja. Tikiti sina. Jana karamuni nilibadilishana na Hudson, rafiki wa bwana harusi, dresa wa zahanati anayehamishiwa Garsen. Amenipa miwani myeusi, kama ile ya rubani. Kioo kimoja kina ufa, lakini ni cha jicho ambalo silitumii sana. Tikiti ya nini? Kiti ni cha watu wasioijua njia. Nimekaa nimefikiri, nimeona kosa lilikuwa wapi. Kusafiri kama mzigo hakukuwa kosa. Kosa ni kuchagua mpokeaji mwenye shughuli.

Kwa hiyo nimeandika karatasi mpya ya mkononi, na salamu hizi zinatangulia na rubani Alhamisi hii:

Godana, ndugu yangu. Unamkumbuka yule ndama wako mweusi niliyemvusha kwa mtumbwi, akanikojolea mguu mzima, nami sikukuomba hata kikombe cha maziwa? Basi sasa naomba. Ni kitu kidogo. Tarehe 23 nenda uwanjani ukapokee mzigo wako. Uje na tumbaku, uje na nauli, na karani akikuuliza kama unaujua mzigo huo, tafadhali sema ndiyo.