Sweta la Kwendea Ulaya

Jumatano, 1 Agosti 1956
Matar fundi cherehani kaanza tena! Leo nimemkuta barazani kwa Mzee Mmanga, anampima Muhiddin, mtoto wa mzee huyo, mashati ya kwendea masomoni Ulaya. Bure kabisa? Thubutu! Anamtaka Mwanakheir, dada yake Muhiddin. Na mimi roho yangu iko huko huko. Nikamwamkia mzee, nikamwambia baridi ya Ulaya haizuiliwi na shati, mimi nitaleta sweta. Mzee kafurahi. Matar kanuna. Sweta sina.

Ijumaa, 3 Agosti
Nitafuma mwenyewe. Jirani yangu Bi Khamisa alijifunza kwa bibi wa Kizungu aliyemfanyia kazi. Ananifundisha kila baada ya Alasiri, uani kwake, watu wasinione. Sufu ya kijani, nimeinunua sokoni Darajani. Vidole vinaniuma. Lakini Mwanakheir huyo!

Jumamosi, 18 Agosti
Kipimo nimekichukua kwenye kanzu ya Muhiddin iliyoanikwa kwao. Akili hiyo! Bi Khamisa kauliza mbona sweta limevuka magoti. Nikamjibu kwamba Ulaya baridi inafika mpaka miguuni. Kaniongezea sufu.

Ijumaa, 24 Agosti
Limekwisha! Nikalivaa kulijaribu. Kichwa hakitoki. Lahaula, nimesahau shingo! Bi Khamisa kanikataza, nikachukua mkasi vivyo hivyo. Likafumuka mpaka kifuani. Basi, nshachoka. Nimelitupa kikapuni mwake, sitaki kuliona tena. Mzee nitamwambia limeliwa na panya.

Jumatatu, 27 Agosti
Bi Khamisa, Mungu amsamehe, kalipeleka! Kalikunja vizuri, na salamu zangu juu, na kisa cha shingo kakisimulia. Nikaitwa. Namkuta Muhiddin kalivaa, kifua wazi palipofumuka, linaburura uani. Mwanakheir kacheka mpaka kakaa chini. Nikacheka na mimi, huku moyo unaniuma. Mzee Mmanga kanivuta kando.

"Sheha mwanangu, wiki zote hizi hata barazani huonekani. Matar kaja kuposa, tumemkubali. Na mashati yake yana pa kutolea kichwa."

Jumanne, 28 Agosti
Nimelia kidogo, kisha nikanywa chai. Mwanakheir ana mdogo wake, Tabia, na nasikia anapenda sana fidla. Kuna moja inauzwa mnadani. Nyuzi nne tu! Nimeshamwahidi Mzee Mmanga kwamba harusini kwa Mwanakheir mpigaji ni mimi. Harusi wiki ijayo, kabla Muhiddin hajasafiri. Nafasi tele.