Tafadhali Mfungwe Kabla ya Oktoba

Mtaa wa Cedar,
Fenwick Bay.
Alhamisi, katikati ya Septemba.

Kwa Bwana Orville Brandt,
Mwenye timu ya besiboli ya Kambare,
Uwanja wa Ziwani, Fenwick Bay.

YAH: OMBI LA KUFUNGWA

Mheshimiwa Bwana Brandt,

Salamu nyingi baada ya heshima. Natumaini barua hii itakukuta wewe na jamaa zako mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo. Nyanya za bustanini zimezaa vizuri, na mke wangu Lorraine goti lake limepona. Kinachotusumbua ni ushindi tu.

Naomba nijitambulishe. Naitwa Casimir Dudek, fundi mstaafu wa boila, mwenye kiti cha tatu, safu ya kumi na moja, nyuma ya kituo cha kwanza cha uwanja wenu. Kiti hicho alikikalia baba yangu kabla yangu, na ukikitazama vizuri utaona mahali alipokuwa akikipiga ngumi. Nimewashangilia Kambare tangu sijaota ndevu. Muda wote huo sijaona kombe, na Mungu ni shahidi, sijawahi kulidai. Wenzetu wa miji mingine wamerithi mashamba na majumba, sisi tumerithi Kambare. Tulijua kuwa ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Tuliridhika.

Ndipo mwaka huu, bila taarifa na bila kutushauri, mkaanza kushinda. Mwezi Mei tulidhani ni hali ya hewa. Juni tulidhani wapinzani wenu wana homa. Sasa ni Septemba, mnaongoza ligi, na mimi nimeshika kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmetuharibia salamu. Hapa kwetu mtu akikutana na jirani yake huuliza, "Kambare vipi?" Naye hujibu, "Usinitibue." Hapo maongezi yanatiririka mpaka kahawa ipoe: nani kauangusha mpira, nani kajikwaa akikimbilia kituo ambacho hakuna aliyekuwa akikilinda. Siku hizi ukiuliza, "Kambare vipi?" unajibiwa, "Wameshinda." Unasema, "Haya." Kisha mnabaki mmesimama mnatazamana kama wakwe waliokutana kwa mara ya kwanza. Tumelazimika kuulizana habari za watoto. Juzi nimegundua kuwa jirani yangu wa mkono wa kulia ana watoto wanne. Miaka yote nilijua ana wawili.

2. Mmetuletea watu. Jukwaa letu limejaa wageni wenye kofia mpya, wanaomtazama mdakaji na kuuliza kwa sauti, "Yule aliyevaa barakoa ya chuma anaumwa nini?" Zamani, ikifika zamu ya saba, wenye akili walichukua makoti yao wakawahi magari, na waliobaki mpaka zamu ya tisa, ya mwisho, tulikuwa watu sita tunaojuana mpaka maradhi. Tulifungwa pamoja, tukacheka pamoja, na kifo cha wengi ni harusi. Wiki iliyopita niliinuka zamu ya saba kujinyoosha miguu kama kawaida yangu, kijana mmoja akanishika shati akaniambia, "Mzee, kaa chini bwana, mchezo haujaisha." Mimi ndiye wa kuambiwa hivyo.

3. Mmemwibia Padri Hruska mahubiri. Kila alipotaka kutufundisha subira alitutajia Kambare, na kanisa zima lilielewa bila maelezo. Sasa amerudi kwa Ayubu. Ayubu ni mtu mwema, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona akishika gongo la kupigia mpira.

4. Sasa naja kwenye kidonda chenyewe.

Bwana Brandt, wewe ni mtu wa kuja, kwa hiyo huenda hukuambiwa. Mji huu hufunga harusi zake Oktoba. Haikuandikwa popote, lakini ni desturi, na ilianza zama za babu zetu. Bwana harusi mmoja alioa mwezi Juni huku ana redio ndogo mfukoni, na padri alipomuuliza kama anamkubali bibi harusi, akajibu, "Mwamuzi kipofu huyu!" Ndoa ile haikwenda mbali. Tangu hapo wazee wakakubaliana: kuanzia Aprili hadi Septemba mtu asioe. Oktoba, timu za wenzetu zikigombea ubingwa na wachezaji wetu wakiwa wameshakwenda kuvua samaki, ndiyo salama. Padri Hruska huwaambia wachumba wote maneno yaleyale: "Oktoba, wanangu. Oktoba haijawahi kutuangusha."

Mimi nina mtoto mmoja tu, Renata, mwalimu wa darasa la tatu. Majira ya baridi yaliyopita, Kambare wakiwa wamemaliza ligi mkiani kama watu wastaarabu, yeye na mchumba wake Curtis, kijana wa zimamoto, walichagua Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa tisa alasiri. Mkiendelea na mwenendo wenu huu, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, fainali itachezwa uwanjani kwetu, mitaa miwili kutoka kanisani. Mpira ukipigwa sawasawa, vioo vya kanisa vitatetemeka.

Hapa siandiki utani. Mimi ndiye nitakayemshika mkono Renata kutoka mlangoni hadi altareni. Jambo hilo nimelingoja tangu siku ile mkunga alipomweka mikononi mwangu. Na fainali ya Kambare nimeingoja tangu kabla ya hapo. Naogopa, Bwana Brandt. Naogopa nitasimama pale altareni huku sikio langu liko dirishani, na mwanangu ananijua, ataliona sikio hilo. Atatabasamu tu, na tabasamu hilo nitakufa nalo.

Yeye mwenyewe hajatamka neno. Kila Kambare wakishinda huinuka sebuleni, huenda jikoni na kuosha vyombo ambavyo ni visafi. Jumapili nilimfuata nikamuuliza, "Una nini, mwanangu?" Akanijibu bila kugeuka, "Sina kitu, Baba. Usiniulize." Nikimwuliza mama yake kuhusu Oktoba, husema, "Nyamaza, mzee. Kula." Curtis naye nikimtajia harusi huanza kunieleza habari za mipira ya maji ya zimamoto. Nyumba nzima imefunga mdomo, na mimi nauelewa ukimya huo kuwa ni huzuni.

5. Usidhani nimekimbilia kuandika kabla ya kujaribu mwenyewe. Mimi ni mkosi unaojulikana. Shemeji yangu Leonard, ndugu yake Lorraine, kwa miaka mingi alininunulia bia ili nisiende uwanjani siku za mechi kubwa. Basi Agosti nilikwenda mechi zote, nikakaa mbele, nikajitokeza. Mkashinda zote. Siku hizi mabawabu wa getini hunipa mkono, na mmoja ameomba nimguse mkewe mjamzito begani.

Nikaifua ile fulana yangu ya bahati, ambayo tangu Mei Lorraine alikatazwa hata kuisogelea. Mkashinda kwa tofauti ya pointi tisa. Nikanyoa ndevu. Mkashinda. Nikahama kiti. Ng'ambo ya pili ya uwanja nako nikaukuta ushindi.

Ndipo ikaja siku ya Tejeda. Yule mrushaji wenu wa mkono wa kushoto alikuwa amefika zamu ya nane bila mpinzani hata mmoja kuupiga mpira wake sawasawa. Unajua miiko. Jambo hilo halitajwi. Wachezaji wenzake wanamwachia benchi zima peke yake kana kwamba ana upele, na jukwaani watu wanaongea habari za mvua. Mtu mmoja akilitamka tu, limevunjika. Nikasema moyoni, Casimir, hii ndiyo harusi ya mwanao. Nikasimama. Nikavuta pumzi. Safu nzima ikanigeukia, wameelewa. Leonard akaniambia taratibu, "Shemeji, nakupenda kama ndugu. Lakini ukisema, mimi na wewe basi."

Nilijitahidi, Bwana Brandt. Maneno yalifika kwenye meno yakagoma. Nilichosema ni, "Njugu jamani, nani anataka njugu?" Nikawanunulia njugu watu ambao hata siwajui. Tejeda akamaliza kazi yake, na wanasema nililia. Zile njugu zilikuwa na chumvi nyingi.

Kwa sababu hizo, naomba kwa unyenyekevu mkubwa mfungwe. Siombi mfungwe kwa aibu. Mfungwe kama mlivyotulea: mnaongoza mpaka zamu ya tisa, watu wamesimama, kisha mpira mwepesi unaodondoka kutoka mbinguni unampita mtu katikati ya miguu. Kazi hiyo hakuna timu inayoiweza kama ninyi. Ili kurahisisha, napendekeza Tejeda apumzishwe. Akikataa, arushe kwa mkono wa kulia. Ikiwa hata hivyo watu hawaupigi mpira wake, basi mrudisheni Bauman, yule mdakaji wa zamani, mtu mwaminifu ambaye hakuna kitu alichowahi kukidaka. Na ikiwa sikio la kufa halisikii dawa, hamisheni timu nzima iende mji mwingine mpaka Novemba, mtaturudishia ikishatulia. Hatutauliza ilikuwa wapi. Njia ya mwisho kabisa ni kuiandikia serikali ili Oktoba ya mwaka huu isogezwe mbele. Barua hiyo niko tayari kuiandika mimi, maana mkono umeshazoea.

Nakutakia afya njema, na mipango iliyo kinyume na ile uliyonayo. Nisalimie kocha, mwambie hatuna ugomvi naye binafsi. Nisalimie mama wa soseji wa geti la kusini, na yule kijana anayevaa vazi la kambare wakati wa joto, mwambie anywe maji. Msalimie Tejeda pia, kwa mbali.

Ni mimi, mtu wenu wa siku zote, katika kufungwa na hata katika balaa hili,

Casimir Dudek.

Nyongeza: Nilimpa Renata barua hii anirekebishie herufi, maana yeye ni mwalimu. Akaisoma palepale jikoni, amesimama, kisha akavuta kiti akakaa. Nilidhani atacheka. Akauliza, "Baba, haya yote umeyafanya kwa ajili yangu?" Nikasema ndiyo, isipokuwa njugu.

Akatazama mlangoni kama mtu anayeogopa kusikiwa, akaninong'oneza, "Harusi si Oktoba tena. Tumeihamishia Novemba, tangu Agosti."

Nikamwuliza mbona mimi baba yake sikuambiwa. Akasema, "Ningekuambiaje? Kusema tumehamisha harusi ni kusema watafika fainali. Ningelitamka tu, wangeanza kufungwa, na wa kulaumiwa ningekuwa mimi." Mama yake anajua. Curtis anajua. Padri Hruska amezihamisha harusi zote za Oktoba, kila wachumba kwa siri yao, na kila aliyehamishwa ameapishwa asimwambie mtu. Padri mwenyewe ameshakata tiketi ya fainali. Mji mzima umejipanga kwa ajili ya fainali na hakuna aliyefungua kinywa. Mwenye kelele nilikuwa mimi peke yangu.

Nikamwuliza, na vile vyombo? Akasema, "Nikikaa hapo sebuleni nitapiga vigelegele, Baba." Halafu akanishika mkono. "Curtis atanioa hata Novemba, atanioa hata Machi. Nimekua nikibebwa mgongoni mwako, tunatoka uwanjani tumefungwa, na wewe unaniimbia ili nisione umekasirika. Nataka siku moja turudi nyumbani tumeshinda, mimi na wewe. Basi."

Nililia, na safari hii sina cha kusingizia.

Kwa hiyo, Bwana Brandt, futa lalamiko la kwanza mpaka la tano. Tejeda asipumzishwe. Ukurasa huu wa mwisho uuchome, na usiusome kwa sauti.

Nilitaka niichane barua yote, lakini Renata aliniwahi. Nilianza kuiandika Jumatatu, nikawa naongeza kidogo kila jioni, na tangu Jumatatu Kambare hawajafungwa. Anasema huu sasa ni mwenendo, na mwenendo haukatizwi. Basi naituma kama ilivyo, na itanibidi nikuandikie hivi kila wiki mpaka Oktoba, kwa maneno makali kuliko haya na kwa moyo wangu wote. Nakusihi, kama unaupenda mji huu, usinisikilize hata mara moja.