Neno Sijambo Limeninyima Msaada wa Kodi

Laini ya Tatu, Nyumba za Serikali,
Tabora, 1953.

Kwa Bwana Mkubwa wa Nyumba za Serikali,

Baada ya salamu, sisi huku hatujambo sana, ila nina malalamiko. Serikali ilitangaza kuwasaidia kodi wapangaji wanyonge. Mimi ni mjane wa Marko, aliyekuwa fundi wa reli Kaliua, na mnyonge kunizidi laini hii hayupo. Karani wako, Bwana Saidi, alikuja kunikagua, akaandika kuwa najiweza. Nikikosa msaada, mwisho wa mwezi natoka chumbani kwenda Puge kwa shemeji yangu, ambaye mkewe hanipendi. Hilo naliogopa, sikufichi.

1. Bwana Saidi alitoa taarifa mapema kwamba atakuja. Mtu aliyeambiwa mgeni anakuja atabakije mnyonge? Nilisiriba ukuta, nikaazima viti kwa jirani yangu Imakulata na kitambaa cha meza kwa masista. Yeye akaviandika vyote kuwa vyangu. Viti havisemi, lakini yeye mdomo wa kuuliza anao.

2. Ameandika kuwa nakula kuku. Kuku nilikuwa naye mmoja, na kwa kuwa karani ni Mwislamu, nilimpeleka kwa Mzee Twalibu achinjwe inavyopasa. Mapaja yote mawili alikula karani, mimi nikabaki na shingo. Sasa kati yetu mla kuku ni nani? Naomba naye akaguliwe. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nimezidiwa.

3. Hili ndilo kubwa. Aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba. Akaniuliza hali, nikasema sijambo. Habari za nyumbani, nikasema njema. Akaandika kuwa mpangaji amekiri mwenyewe hana jambo. Bwana, kwetu hata mfiwa huanza na njema, ndipo aseme aliyekufa ni nani. Nilikuwa bado sijafika kwenye "ila". Alikula, akanawa, akaaga.

4. Kama sijambo ni ushahidi, basi hospitali ya Kitete nayo ifungwe, maana wagonjwa wote pale ukiwauliza hawajambo.

Kwa hiyo naomba makarani wakatazwe kusalimia watu, ingawa ni utovu wa adabu, au nipewe msaada wangu.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, mpishi wako Yoramu, na Bwana Saidi mwenyewe. Mwambie sina kinyongo.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu,
Flavia Kashindye

Tanbihi: Msaada ukikubaliwa, tafadhali jina langu lisisomwe barazani. Majirani huja kwangu kuomba chumvi na ushauri, na heshima hiyo ndiyo pekee aliyoniachia Marko. Lisomwe jina la Tekla wa chumba cha pili, tumeshakubaliana. Kama haiwezekani, basi aliyoandika Bwana Saidi yabaki vilevile: najiweza.